Jua la jioni Mtwara mbona jekundu kuliko la asubuhi?

Mwana_Shangani: Wakuu habari za jioni, naomba mnifafanulie. Niko Shangani hapa Mtwara mjini, asubuhi jua linatoka baharini la njano, likipanda kidogo tu linaumiza macho, ila jioni likizama upande wa Mikindani linakuwa jekundu kama kaa la moto, hasa kuanzia mwezi wa nane. Jua si ni lile lile? Halafu kuna jamaa kaniambia bluu ya anga ni bahari inaakisi juu, kweli?

KoroshoMasasi: Hiyo ya bahari hapana mkuu. Huku Masasi bahari hatuioni na anga ni bluu vile vile. Wekundu ni moshi, kipindi hiki watu wanachoma majani mashambani.

Mwl_Fizikia: Moshi unachangia ila kisa kinaanzia kwenye hewa yenyewe. Molekyuli za nitrojeni na oksijeni ni ndogo mno kuliko wimbi la mwanga, na vitu vidogo hivyo vinatawanya zaidi mawimbi mafupi. Mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza alilieleza mwaka 1871, mtawanyiko unapungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Chukua urefu wa wimbi la bluu nanomita (bilioni moja ya mita) 450 na la nyekundu 700, piga hesabu, utaona bluu inatawanyika karibu mara 6 zaidi, ndiyo maana mchana inakujia kutoka kila upande wa anga. Sasa jua likiwa chini kabisa mwanga unakatiza hewa karibu mara 38 ya ile ya utosini, bluu inatawanyika yote njiani kinachokufikia ni nyekundu na machungwa. Asubuhi umbali ni huo huo, ila unaangalia baharini na kusi inaleta hewa isiyo na moshi, jioni unaangalia bara ambako mashamba yamewaka mchana kutwa, na chembe laini za moshi nazo zinaondoa bluu zaidi. Chembe za chumvi za baharini ni kubwa, hazichagui rangi, zinaleta ule weupe weupe tu.

Mwana_Shangani: Aisee asante sana mwalimu. Sasa zambarau si ina wimbi fupi kuliko bluu, mbona anga sio zambarau?

Mwl_Fizikia: Swali zuri sana hilo! Jua linatoa zambarau kidogo kuliko bluu, na macho yetu hayaioni vizuri. Jaribu hii usiku, chupa ya maji safi, matone machache ya maziwa, mulika na tochi ya simu kwa chini. Ubavuni utaona ububluu, ukichungulia kwa juu mwanga ni machungwa.

KoroshoMasasi: Nimejaribu sasa hivi na watoto, imekubali! Matone yakizidi tu maji yanakuwa meupe, rangi huoni.