Mjadala: Je, kuwapiga msasa (kuwahoji na kuwachunguza) Wasomali na Wanubi wa Kenya kabla ya kuwapa kitambulisho ni usalama au ni ubaguzi?

Mleta mada:
Ndugu wachangiaji, kwa miaka mingi Mnubi aliyezaliwa Kibera, ambaye wazee wake waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wawe askari wao, alipofikisha miaka 18 aliitwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama, akatakiwa kutoa hati za wazazi na hata za babu, ilhali jirani yake wa kabila kubwa alipeleka cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, mambo yakaisha. Jina lenyewe la Kibera limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Wanubi walikuwa wakibaguliwa. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani, wakiwemo Wasomali, na wapo Wakenya waliolipinga jambo hilo vikali. Je, wana hoja?

Mchangiaji:
Wanayo. Mpaka wetu na Somalia ni mrefu na hauna ulinzi wa kutosha, jamii moja inaishi pande zote mbili, na Aprili 2015 Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kumuuliza mtu maswali mawili matatu kabla ya kumpa kipande si kumchukia.

Mleta mada:
Mwenzangu, uchungu wa Garissa ni wetu sote, lakini mfano huo unakuelemea wewe: mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Huyo kamati ya wazee ingemkwamisha kwa swali gani? Kifungu cha 14 cha Katiba humpa uraia kila aliyezaliwa na baba au mama Mkenya, na Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa kabila, rangi na dini. Maswali yakiulizwa, basi yaulizwe Nyeri, mbali na mpaka, kama yanavyoulizwa Mandera mpakani. (Tena neno hilo “kipande” ulilolitumia, kwa maana ya kitambulisho, ndilo jina la cheti ambacho mkoloni alimlazimisha Mwafrika kukivaa shingoni.)

Tena wapo ambao hata kamati hawakuifikia. Wakati wa ukame, wazazi Wakenya wa kaskazini waliwaandikisha watoto wao katika kambi za wakimbizi za Dadaab ili wapate mgao wa chakula. Watoto hao walipokua wakaomba kitambulisho, alama zao za vidole zikaonekana katika orodha ya wakimbizi, wakanyimwa. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti benki wala kupiga kura. Ningependa unijibu hapo: mtoto huyo, ambaye kosa lake ni kulishwa, anatishia usalama wa nani?