Sini ya jikoni imelala: mama na binti wanapika, ila hakuna kinachotokea

Mto_Pangani

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Naandika filamu fupi, skripti ya kurasa kama kumi na tano hivi. Moyo wake ni sini moja ya jikoni, nyumba ya Pangani. Mama anapika, binti yake Zuhura ana habari ya kumwambia: amepata kazi za ndani Muscat, Oman, wakala ameshamaliza mambo ya pasipoti, anaondoka mwisho wa mwezi. Wanachambua maharage, wanaosha mchele, Zuhura anasema, mama analia, wanakumbatiana. Kila niliyempa asome ananirudishia jibu lile lile, kwamba imelala.

Jiko nimelipamba sana. Mvuke, nyanya nyekundu, mikono inayokatakata kwa karibu, mtindo wa zile video za mapishi zinazotembea TikTok. Naomba wanaoandika waniambie: sini ya kupika inaandikwaje mtazamaji asishike simu yake? Chakula kielezwe kiasi gani kwenye karatasi? Na je, niondoe wali maharage niweke pilau ili ipendeze machoni?

Mama_Tamthilia

Marahaba mdogo wangu.

Mimi naandika tamthilia za televisheni na nyumbani napika mwenyewe, kwa hiyo jambo hili nalipenda kutoka pande zote mbili. Nitasema kwa urefu, univumilie.

Sini yako imelala kwa sababu chakula ulichochagua hakimhitaji mtu. Maharage yakishainjikwa yanachemka yenyewe. Mama anaweza kwenda kuswali akarudi akayakuta. Zuhura anaweza kusema sasa hivi, au baada ya saa nzima, au kesho asubuhi. Hakuna kinachombana yeye, hakuna kinachombana mama.

Chakula cha kwenye filamu usikichague kwa rangi. Kichague kwa namna kinavyomshika mpishi. Ugali ukishaanza kusonga huwezi kuuacha, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine unashikilia sufuria, na mtu akikutukana wakati huo utamjibu bila kumgeukia. Chapati zinataka watu wawili, mmoja asukume na mwingine ageuze, kwa hiyo hata kama wamenuniana watakaa pamoja mpaka unga uishe. Pilau ina sehemu mbili tofauti kabisa. Kwanza kuna vitunguu, ambavyo ukitazama pembeni kidogo vimeungua na uchungu wake utaingia kwenye sufuria nzima. Halafu ikishapaliwa moto juu kunakuja kungoja kurefu, ambapo hakuna tena cha kukoroga na watu wanalazimika kutazamana. Mwandishi mwenye siri ya kufichua ana hazina hapo. Ila pilau ni chakula cha wageni na sherehe. Mama wa Pangani akipika pilau siku ya kawaida, mtazamaji atauliza kuna nini leo, na wewe hutaki aulize hilo.

Kwa Zuhura mimi ningepika mchuzi wa samaki wa nazi.

Anza na mbuzi ya kukunia nazi. Mama ameketi chini, ameinama, nusu ya nazi mkononi, macho yake kwenye meno ya chuma kwa sababu akiyaondoa atajikata. Haoni uso wa mtu. Zuhura amesimama mlangoni. Huo ndio wakati rahisi kuliko wote wa kusema, maana mama hatamtazama, na mtazamaji anajua hivyo. Anafungua mdomo, mlio wa nazi unakatika, kifuu kimeisha. Amechelewa. Hujaandika neno hata moja la mazungumzo na sini imeshaanza kuvuta.

Kisha tui linakamuliwa, zito linawekwa kando, jepesi linaingia kwenye mchuzi. Na mwisho linaingia lile zito. Hapa kila aliyelelewa pwani anajua: tui zito likishatiwa lazima ukoroge bila kuacha mpaka lichemke, la sivyo linakatika, mafuta yanajitenga na mchuzi umeharibika. Mama hawezi kuuacha mwiko. Zuhura aseme hapo hapo.

Sasa mama hawezi kulia wala kukumbatia. Ana mkono mmoja tu ulio huru na macho yake yako kwenye sufuria. Chochote anachohisi kitapita kwenye mwendo wa mwiko. Mwigizaji mzuri ukimpa kazi hiyo atakushukuru.

Kuna filamu ya Korea Kusini ya 2019, Parasite, ile ya familia maskini inayojipenyeza kufanya kazi kwenye nyumba ya tajiri, iliyochukua Oscar nne mwaka uliofuata, ikiwemo ya skripti. Wengi wanaikumbuka kwa ngazi na mafuriko. Mimi naikumbuka kwa tambi. Mwenye nyumba anapiga simu akiwa njiani kwenye mvua, anamwagiza mpishi amchemshie mwanawe tambi za pakiti, aina mbili zichanganywe, na juu yake nyama ya ng'ombe ya bei kubwa. Zimebaki dakika nane wafike. Ndani ya dakika hizo mpishi anapika chakula asichokijua huku jamaa zake wanaficha maovu yote yaliyofanyika sebuleni. Tambi za maskini na nyama ya tajiri ndani ya bakuli moja: habari nzima ya filamu ile imo humo, na hakuna mtu anayeisema kwa mdomo.

Mfano mwingine ni wa upande wa pili, wa polepole. Chantal Akerman wa Ubelgiji alitengeneza Jeanne Dielman mwaka 1975, zaidi ya saa tatu, mjane wa Brussels anamenya viazi, anakanda nyama, anaosha vyombo, karibu kwa muda wake halisi. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Ni viazi tu, lakini tumemtazama akifanya kila kitu sawasawa kwa muda mrefu hivi kwamba ile sufuria inatutisha. Mwaka 2022 wahakiki waliopiga kura kwenye jarida la filamu la Sight and Sound waliiweka namba moja ya filamu zote.

Zile video za TikTok ulizozifuata zinafanya kinyume chake. Zinakata kungoja kote, kitunguu kinaingia kibichi na sekunde ya pili ni cha kahawia. Kwa anayetaka kujifunza pilau ni vizuri. Ila wewe kungoja ndiyo mali yako, usiikate.

Kuhusu maelezo: andika kitendo kinachobadilisha kitu, basi. "Mama anakoroga" inatosha. Mvuke na nyanya mwachie mpiga picha.

Fundi_Props

Dada amesema vizuri. Mimi ni mtu wa vifaa na chakula kwenye seti, niongeze la vitendo.

Mkuu, kumbuka sini hii itarudiwa na kurudiwa. Kila marudio nazi inakunwa upya, na tui ndani ya sufuria lazima liwe kimo kile kile, vinginevyo kwenye uhariri linapanda na kushuka. Sisi huandaa hatua zote mapema: sufuria zinazofanana, moja ina tui bichi, moja linakaribia kuchemka, moja limeiva. Kama unataka likatike, niambie siku moja kabla, hilo nalo linaandaliwa.

La pili ni sauti. Usiweke maneno muhimu juu ya vitunguu vinavyokaangwa. Mlio wa mafuta ukishaingia kwenye maikrofoni pamoja na sauti ya mwigizaji, hautoki. Mazungumzo yawe kabla ya mafuta au wakati wa kukoroga, maana tui halina kelele. Mlio wa mbuzi tutaurekodi peke yake baadaye.

Na ndiyo sababu kwenye tamthilia nyingi mnaona watu wamekaa mezani, glasi za juisi zimejaa, na hakuna anayekula. Akila, kila pande la nyama tuliandikie kumbukumbu. Mkitaka watu wale, sisi tuko tayari, ila mtuandikie chakula kidogo na mtuambie wanakula nini kwanza.

Umm_Nassor

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, nimezaliwa hapa, wazazi wangu walitoka Unguja.

Nimesoma yote kwa raha. Kaka Mto_Pangani, ukimpeleka Zuhura huku usimpeleke mahali pasipo na sura. Kuna nyumba na nyumba. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, familia nyingi za Zanzibar zilihamia hapa, na Kiswahili chao hawakukiacha. Nyumbani kwetu mchuzi wa nazi unapikwa, mandazi yapo, na marehemu bibi yangu alikuwa akigomba kwa Kiswahili cha Mjini. Nyumba nyingine hawajui neno la Kiswahili, wao ni wali wa kabuli, harisi ya ngano na nyama, na Idi ikifika nyama inatiwa viungo, inafungwa na kuzikwa kwenye shimo la moto mpaka iive. Msichana akija hajui anaangukia ipi. Wakala humwambia mazuri tu.

Kwa hiyo mama wa Pangani si mjinga wa huku. Huenda ana ndugu. Huenda alishamwona mtoto wa jirani akienda na akirudi. Mwandikie kama mtu anayejua.

Mto_Pangani

Ahsanteni sana, na Umm_Nassor Mungu akuzidishie, hilo sikulifikiria kabisa. Kweli Pangani kila mtaa una mtu aliyekwenda.

Nimeanza upya na mbuzi na tui. Nimekwama sehemu moja. Zuhura akishasema, mama afanye nini? Nimeandika anaacha kukoroga, tui linakatika. Nahisi ni sawa, tena kama ni rahisi mno. Na maneno yake ya kwanza yawe yapi?

Mama_Tamthilia

Umm_Nassor, shukrani, umetupa kitu ambacho mimi nikiwa Dar nisingekipata.

Mdogo wangu, tui lisikatike. Ukishatufundisha kwamba linaweza kukatika, tutaliogopa wenyewe, na hofu hiyo inakufanyia kazi bure. Likikatika kweli, hofu imeisha na umebaki na mchuzi mbovu. Mama huyu amepika mchuzi huu tangu hajavunja ungo. Aukoroge mpaka mwisho, kwa mwendo ule ule, huku tunasubiri.

Halafu aseme: "Huko wanakuna nazi?"

Ni swali la jikoni, lakini kwa alivyotueleza Umm_Nassor linauliza mambo makubwa. Ni nyumba ya Waswahili au siyo? Kuna mtu atakayekuelewa ukilia? Mama anajua tofauti, kwa hiyo anauliza kitu kinachotenganisha nyumba hizo mbili. Zuhura ajibu haraka: "Wanakuna. Bibi mwenye nyumba ni mtu wa Unguja." Usituambie kama ni kweli. Inawezekana ndivyo wakala alivyosema, inawezekana amelitunga hapo hapo ili mama apumue. Mpe mwigizaji jibu sahihi pembeni, lakini kwenye karatasi liache. Mama naye asiulize la pili. Kutouliza kwake ndiko kunakotuambia amelijua.

Kumbatio futa. Machozi futa. Ukitaka mguso, mama amwambie Zuhura ashike mwiko, yeye akatie chumvi. Msichana anakoroga kwa mara ya kwanza katika sini hii, na mama anamsahihisha: upande mmoja, usirudirudi. Hiyo ni ruhusa, na haina neno ruhusa ndani yake.

Kisha wale. Fundi_Props amesema yuko tayari, mtumie. Wali mweupe, mchuzi kidogo, wanakula kwa mkono kwenye sinia moja, na mama anasukumia minofu upande wa Zuhura. Hilo lichukue nusu ukurasa, lisizidi.

Ukihesabu, sini yote itakuwa kurasa tatu, fupi kuliko uliyokuwa nayo. Ianzie mbuzi ikiwa tayari kwenye kazi, usituonyeshe mtu akivunja nazi. Ukimaliza iweke hapa hapa, na Umm_Nassor aisome kabla yangu.