Laptopu ya waranti kila ikitengenezwa inarudi na ubovu uleule. Nidai nini?

Swali
Wakuu, laptopu inazima ghafla hata ikiwa kwenye chaja. Walibadilisha RAM, wakabadilisha mazabodi, bado inazima, na waranti inakaribia kuisha. Muuzaji ananisukumia kwa mtengenezaji. Nimbane nani?

Jibu 1
Muuzaji. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji, na masharti kajiandikia mwenyewe: kutengeneza au kubadilisha, apendavyo yeye. Wajibu wa muuzaji unatokana na sheria ya mauziano, na waranti kuisha hakuufuti. Ukubwa wake hutegemea nchi. Uingereza, kwa sheria ya 2015, matengenezo ya kwanza yakishindikana unaweza kuirudisha mashine. Ndani ya miezi 6 tangu uipokee, pesa hurudi yote bila kukatwa ya matumizi. Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa angalau miaka 2. Soma ya kwako kabla hujaandika barua.

Jibu 2
Madai mengi hufia kwenye maneno "hatukuona tatizo". Fundi huiwasha ikiwa baridi, dakika chache, anaiona nzima. Mwandikie jinsi ya kuuamsha ubovu: baada ya muda gani, ukifanya kazi gani, chaja imechomekwa au haijachomekwa. Piga video inayoonyesha namba ya mashine iliyobandikwa chini.

Kwenye Windows, tukio la Kernel-Power 41 kwenye kumbukumbu za mfumo (Event Viewer) halitaji chanzo, linasema tu mashine ilizima bila utaratibu. Ila likionekana tena na tarehe za baada ya matengenezo, hapo umewashika. Waulize pia kama walipima joto la prosesa: pesti ya joto (ile inayopitisha joto la prosesa kwenda kwenye kipoozaji) ikipakwa vibaya wakati wa kufunga mazabodi mpya, mashine huzima vilevile.

Kabla ya kuipeleka, nakili mafaili yako. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya diski ya Windows), hifadhi pembeni ule ufunguo wa tarakimu 48, maana mazabodi ikibadilishwa diski itaudai. (Watu hulijua hili wakiwa wameshachelewa.)

Jibu 3
Kila inapoingia na kutoka, dai karatasi yenye tarehe, lalamiko lako kama ulivyolisema, na kipuri kilichobadilishwa. "Imekaguliwa, iko sawa" peke yake usiisaini.

Kisha mwandikie muuzaji kwa barua pepe kabla waranti haijaisha, hata kama mashine bado iko kwa fundi. Tarehe ya kutoa taarifa ina uzito. Ambatanisha risiti na karatasi hizo, dai jambo moja tu, pesa au mashine mpya, na umpe siku 14. Ulilipa kwa kadi? Iulize benki leo kuhusu kurudishiwa malipo, kwa sababu muda wa kulalamika kwao una kikomo. Na usiifungue mwenyewe, utawapa kisingizio.

Muuliza swali
Wakinipa iliyokarabatiwa je?

Jibu 3
Masharti mengi ya waranti yanaruhusu, na mara nyingi hurithi muda uliobaki tu. Usiipokee mpaka waandike waranti yake inaisha lini.