Nimenunua lori mtumba, wiki ya kwanza tu limenitoa jasho: tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Nina lori la dizeli la tani 7, mkono wa pili (au wa nne, nani ajuaye). Kabla ya kulipa nililijaribu: likawaka mara moja, gia zinaingia, moshi msafi. Nikasaini. Safari ya kwanza na mzigo, baada ya kama nusu saa, katikati ya mlima, likafa. Halikumisi wala halikukohoa. Nguvu zilipungua taratibu kama mtu anayesinzia, kisha kimya. Nikakaa dakika kumi nimeshika tama, nikapiga stata, likawaka utadhani halikuwa na neno. Nusu saa nyingine, yaleyale.

Fundi wa kwanza akasema nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Zikatolewa, zikapimwa, zikarudi. Wa pili akasema pampu ya dizeli imechoka, akaishusha. Filta nimebadilisha mara mbili, maana kila fundi anaanzia hapo. Na kila tukilijaribu tupu pale gereji lilikuwa zima kabisa, kwa sababu hatukulipatia muda wa kufa.

Aliyenitoa gizani ni dereva mmoja mzee, na hakushika spana. Aliniuliza: "Likizima, ukifungua mfuniko wa tangi unasikia linavuta hewa?" Nikamwambia sijawahi kufungua. Kumbe alikuwa anawaza tundu la kupumulia: likiziba, tangi haliingizi hewa na dizeli nayo inagoma kutoka. Tukajaribu, hakuna sauti. Akasema basi tangi tuliweke pembeni. Jerikeni safi ya dizeli, mpira wa kuvuta na wa kurudisha yote ikatumbukizwa humo, jerikeni ikafungwa imara mbali na ekzosi, mzigo ukapakiwa. Saa nzima mlimani, lori linaimba.

Tulipomwaga tangi na kumulika ndani kwa tochi (tochi jamani, si kiberiti), tukaona kiduara cha foili, ile lakiri unayobandua kwenye mdomo wa galoni jipya la oili. Katikati kilikuwa na alama ya mviringo, sawasawa na mdomo wa bomba la kunyonya. Injini ikivuta sana kinapanda na kuganda pale. Ikizima, kinaachia na kuzama. Nozeli zangu hazikuwa na kosa lolote.

Haya, leteni za kwenu. Zile za "angalia oili, angalia maji" tumeshazisikia. Nataka tatizo lenyewe, ulivyozungushwa, na ulikolikuta.

Spana 17
Pole mkuu. Langu lilikuwa la umeme. Lori limepakwa rangi upya, chasisi inang'aa, ndiyo iliyonilevya. Asubuhi ukipiga stata inajiburuza, siku nyingine inagonga "tak!" tu. Nikanunua betri mbili mpya. Stata ikafumuliwa ikatiwa brashi mpya. Hakuna kilichobadilika.

Siku moja nilikuwa nimeinama nimeshika kebo ya gia wakati utingo anapiga stata. Ikaniunguza. Nikabaki najiuliza, kebo ya gia inapata moto kwa lipi? Kumbe umeme ulikosa njia yake ya kurudi betri, ukaamua kupita huko.

Nikachukua mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, nikamwambia piga. Ikasoma volti 4. Mfumo wote ni volti 24, na kati ya sehemu hizo mbili hapatakiwi kupotea hata nusu volti. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa juu ya rangi! Msasa dakika tano, chuma kikawa cheupe, nikafunga. Tangu hapo inadaka kwa mguso mmoja. Zile betri za zamani nilikuwa nimeshazigawa.

Mama Lori
Lori lililopakwa rangi mpya huko chini mimi sinunui. Chasisi chafu inakuonyesha inapovuja, iliyopakwa imezibwa mdomo.

Langu mimi lilikuwa linakwenda upande kama kaa. Usukani unaushika mkono mmoja juu mmoja chini ndiyo linyooke. Wakafanya alaimenti mara mbili, wakabadilisha tairodi, matairi yakaendelea kuliwa. Dereva aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliniambia, dada, gari lako linatembea mshazari. Nikapima mwenyewe kwa kamba, kutoka pini ya mbele ya springi ya nyuma hadi kwenye ekseli, kulia na kushoto. Tofauti vidole vitatu. Senta bolti, ile inayoshika springi mahali pake juu ya ekseli, ilikuwa imekatika na ekseli imerudi nyuma upande mmoja. Walikuwa wananyoosha mbele wakati kilichopinda kiko nyuma.

Nyundo Baridi
Langu lilikuwa linachemsha. Dawa ni moja, toa thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, tupa. Nimefanya hivyo kwenye magari yote.

Dereva Mstaafu
Nyundo, hapo nakupinga, na nakupinga kwa sababu mimi ndiye niliyenunua lori la mtu mwenye mawazo kama yako.

Nilikuta thamostati haipo. Muuzaji akasema wameitoa "ili lipoe vizuri". Mtu hatoi thamostati kwenye gari lisilochemsha. Hapo ameshakutobolea siri. Halafu kuna injini nyingi ambazo thamostati ikifunguka kwenda kwenye rejeta, upande wake wa pili unaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Unazidisha ugonjwa.

Langu tambarare lilikuwa sawa, mlimani mshale unapanda. Nikahofia gasketi ya silinda hedi, maana ikiungua gesi ya injini inaingia kwenye maji. Asubuhi injini ikiwa baridi nikaliwasha na kushika mpira wa juu wa rejeta: haukukakamaa. Nikachungulia tangi la maji: hakuna mapovu. Nikapumua. Rejeta ikapelekwa kusafishwa ndani, wakasema inapitisha vizuri. Bado linachemsha.

Jibu lilikuwa mahali ambapo macho hayafiki. Mbele ya rejeta kuna intakula, ya kupoza hewa inayoingia kwenye injini, na kati ya hizo mbili pana nafasi ndogo. Ukichungulia kwa mbele unaona mapezi masafi ya intakula, kwa nyuma unaona feni. Tulipolegeza intakula na kuivuta, nilikuta vumbi, oili na mabawa ya wadudu vimeshikana kama blanketi. Nililibandua kwa mikono, linatoka vipande vipande kama kandambili. Tukapiga maji kutokea upande wa feni, kwa presha ndogo ili mapezi yasilale. Nikarudisha na thamostati. Mlima uleule, mshale haujasogea.

Nyundo Baridi
Mzee nimekusoma. Ila mengine nimetoa na yanatembea.

Dereva Mstaafu
Kutembea yatatembea, kijana wangu. Siku ukipandisha mlima na mzigo kamili uniambie.

Kimya Kimya
Mtetemo kuanzia spidi 60. Nikabalansi matairi, nikabadili krosi za propela (shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma), nikabadili senta beringi. Kosa: mtu alichomoa propela kwenye meno yake akairudisha bila kuweka alama, uma wa mbele na wa nyuma haukai mstari mmoja. Tukachomoa, tukazungusha, tukarudisha. Kabla ya kuingia chini weka vigingi matairini, propela ikichomolewa gia haishikilii gari.

Mleta mada
Asanteni wakuu, Kimya umeniokoa, sikuwahi kuwaza vigingi. Sasa jana nimefungua vali ya chini ya tangi la upepo wa breki. Yalitoka maji, sawa, lakini yakafuatiwa na oili nyeusi, kama vijiko vitatu hivi. Upepo unajaa vizuri na breki zinashika. Kompresa inayojaza upepo imekwisha?

Dereva Mstaafu
Usiinunulie mwenzake kwanza. Ukungu wa oili ni kawaida, vijiko vitatu hapana. Angalia inakovutia hewa: njia ikiziba, kompresa inanyonya oili kupitia ringi zake. Kisha fungua bomba linalorudisha oili kwenye injini uone kama liko wazi. Na hizo vali za matangi zifungue kila siku, oili inaharibu raba za vali za breki.

Mleta mada
Mpira wa kuvutia hewa nimeushika sasa hivi, ni laini na umejikunja kwenye kona karibu ulale kabisa. Nabadilisha kesho asubuhi, namwaga matangi yote, nitayapima tena baada ya siku tatu nilete majibu.