Kaseti na santuri za dansi zisizotolewa tena: namna ya kuzihamishia kwenye kompyuta

Mkereketwa wa Dansi:

Wakuu, salaam. Kuna muziki unaotakiwa kuhamishiwa kwenye kompyuta kabla haujapotea kabisa: santuri kubwa tatu za mfululizo wa Ukumbusho za Mbaraka Mwinshehe (Polygram ya Nairobi), santuri ndogo za Morogoro Jazz na Super Volcano, pamoja na kaseti za Mlimani Park na Vijana Jazz. Baadhi ya kaseti ni za dukani, nyingine zimerekodiwa kutoka redioni.

Vifaa vilivyopo: deki ya kaseti yenye matundu ya RCA (ya waya za sauti za kushoto na kulia) nyuma, gramafoni inayokubali kubadilishwa sindano, na laptop yenye tundu moja tu la maiki.

Ninachouliza: (1) Kaseti mbili sauti yake imefifia, magitaa hayang'ai kabisa. Ni kaseti au ni deki? (2) Santuri ndogo moja sauti inapanda na kushuka kila mzunguko. (3) Vile vimashine vidogo vya USB vya kuhamishia kaseti vinafaa? (4) Zikishahamishwa, ni halali kuziweka YouTube?

Fundi Deki:

Mkuu, nianze na la tatu kwa sababu ni jepesi: usinunue. Mota ya vile vimashine haishiki spidi, na sauti inayotoka ina mkwaruzo wa umeme wa kompyuta yenyewe. Deki yako ni bora mara nyingi. Unachokosa ni kadi ya sauti ya nje ya USB yenye tundu la laini (la kupokea sauti ya deki, si la maiki), ya njia mbili. Tundu la maiki la laptop si la kazi hii: laptop nyingi hulipokea kama mono (njia moja tu), na sauti ya deki huwa na nguvu kupita kiasi kwake, kwa hiyo inapasuka hata ukiteremsha kiwango.

Kabla ya kucheza kaseti yoyote, itazame kwenye mwanga kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au madoa kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu. Usiipeleke kwenye deki, maana itachafua hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) na kuhamia kaseti zinazofuata. Iliyo safi izungushe mbele mpaka mwisho, kisha irudishe mpaka mwanzo, ndipo ucheze. Utepe uliokaa miaka mingi hushikana tabaka kwa tabaka, na ukiucheza moja kwa moja mota inauvuta kwa shida, wimbo unayumba. Kaseti za dakika 90 utepe wake ni mwembamba kuliko wa dakika 60, hizo zizungushe kwa uangalifu zaidi.

Kuhusu kufifia kuna sababu tatu, zikague kwa mpangilio huu.

Kwanza uchafu. Safisha hedi, kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe, na gurudumu la mpira. Tumia pamba ya masikio na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi. Mpira usiuloweshe, futa tu mpaka pamba itoke bila weusi. Rudia baada ya kila kaseti mbili tatu za zamani.

Pili, tazama katikati ya mdomo wa kaseti. Kuna kipande kidogo cha sufu kilichobandikwa kwenye kibati cha shaba. Kazi yake ni kuubana utepe kwenye hedi. Gundi yake hukauka na kipande kinadondoka. Kikikosekana, sauti kali zinatoweka na upande mmoja unakuja na kupotea. Dawa ni kuhamisha utepe kwenye ganda jingine lenye skrubu tano. Ganda la zamani kama limegandishwa bila skrubu, lipasue taratibu kwenye mshono kwa wembe, ukianzia upande wa mbali na utepe. Fanya kazi juu ya meza, kaseti imelala. Ukiinua tu, utepe wote unamwagika.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanakosea, ni mwelekeo wa hedi. Kaseti iliyorekodiwa kwenye deki yenye hedi iliyoinama kidogo haiwezi kusikika vizuri kwenye deki iliyonyooka. Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Ile yenye springi ndiyo ya kurekebisha. Piga alama ya rangi mahali ilipo sasa. Vaa hedfoni, weka sauti kwenye mono, cheza sehemu yenye gitaa la solo na hi-hat (yale matoazi mawili ya drams), kisha zungusha skrubu kidogo sana, chini ya robo mzunguko, mpaka sauti kali zing'ae kabisa. Ni lazima iwe mono: ukisikiliza stirio, kosa dogo linajificha. Fanya hivyo kwa kila kaseti, na ikibidi kwa kila upande. Ukimaliza, rudisha kwenye alama.

Swichi ya Dolby (ya kupunguza mvumo) izime, isipokuwa kaseti ina alama ya D mbili zilizotazamana.

Santuri Nairobi:

Fundi amemaliza ya kaseti. Kwa santuri, kinachoyumba kila mzunguko kwa kawaida ni tundu ambalo halikutobolewa katikati sawasawa. Santuri ndogo zenye tundu pana zina nafuu: toa kile kiplastiki cha katikati, ilaze santuri bila kushikwa na kitu, washa, tazama mkono wa sindano. Kama unakwenda kushoto na kulia, simamisha, isukume santuri milimita moja upande mmoja, jaribu tena. Ukipata mahali ambapo mkono umetulia, rekodi hapo hapo. Zenye tundu dogo hazina njia hiyo, ila kulipanua tundu kidogo sana kwa faili la duara.

Kuosha: lita moja ya maji yaliyochujwa kwa mvuke na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Maji hayo yanauzwa kwa ajili ya betri za magari, lakini soma chupa vizuri, maana kwenye rafu hiyo hiyo huwekwa asidi ya betri. Tumia brashi laini, fuata mzunguko wa mistari, usikatishe. Lebo isilowe. Suuza mara mbili kwa maji matupu, simamisha ikauke yenyewe. Maji ya bomba yakikauka huacha chumvi kwenye mistari na utasikia mipasuko midogo mingi. Ukikutana na santuri nzito za spidi 78, spiriti isiguse kabisa: malighafi yake huyeyuka kwenye spiriti. Hizo pia zinahitaji sindano yao, nene zaidi.

Santuri nyingi za dansi zilichezwa kwenye gramafoni zenye mkono mzito, hivyo sehemu ya juu ya mfereji imelika. Sindano ya ncha ya yai huenda chini zaidi kuliko ya ncha ya duara, na mara nyingi inakuta sehemu ambayo haijaguswa. Ukiwa na zote mbili, rekodi dakika moja kwa kila moja ulinganishe. Uzito wa mkono uwe ule ulioandikwa na mtengenezaji wa sindano, aghalabu gramu 1.5 hadi 3. Sarafu juu ya mkono ili sindano isiruke ni kuichonga santuri.

Kama gramafoni yako haina ndani kikuza sauti cha fono, yaani cha kukuza na kusawazisha sauti ya sindano, kitafute. Bila hicho besi haipo na sauti kali zinachoma masikio, na si jambo la kurekebisha kwa kubahatisha baadaye.

Jambo moja kuhusu Ukumbusho. Zile ni nyimbo zilizokwisha kutoka kwenye santuri ndogo, na kwenye santuri ndogo wimbo mrefu hukatwa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Ukiwa na zote mbili, hamisha zote mbili. Usijiambie kwamba santuri kubwa inatosha. Sikiliza pale wimbo unapovuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, ulinganishe.

Mkereketwa wa Dansi:

Ahsanteni sana wakuu. Kiwango cha kurekodi kiwe kipi? Na ile mivumo ya kaseti niondoe kabla ya kuhifadhi?

Mhifadhi Sauti:

Usiondoe chochote kwenye nakala mama, yaani ile ya kwanza unayohifadhi kama ilivyorekodiwa. Marekebisho yafanye kwenye nakala ya pili, ya kusikiliza.

Rekodi faili la WAV (lisilobanwa) la biti 24, kilohezi 48 kwa kaseti, 96 kwa santuri. Saa moja ya 24/48 ya stirio ni takriban gigabaiti 1.04, ya 96 ni mara mbili yake. Ukilibana kwa FLAC, aina nyingine ya faili la sauti, ukubwa unapungua sana bila kupoteza kitu. Cheza kwanza sehemu yenye kelele nyingi zaidi, kwa kawaida pale vyombo vya upepo vinapoingia pamoja, na uweke kiwango ili vilele visivuke desibeli −6. Programu ya Audacity inatosha. Zima kila athari na sauti za taarifa za kompyuta.

Santuri za mono zirekodi kwa stirio hivyo hivyo, kisha unganisha njia mbili kuwa moja kwenye nakala ya kusikiliza. Mkwaruzo mwingi unaosababishwa na sindano kucheza juu na chini unafutika wenyewe. Programu ya kuondoa mvumo iwekwe desibeli 6 tu, na kwenye nakala ya kusikiliza pekee. Ukizidisha, hi-hat inakuwa ya majimaji na mwangwi wa sauti za waimbaji unakatika. Kule kuunganisha sehemu ya kwanza na ya pili, vilevile ni kwa nakala ya kusikiliza.

Sasa kaseti za redioni, hizo zipe kipaumbele kuliko santuri. Sababu ni ya kihistoria. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, bendi zilitegemea Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na Mlimani Park ilianza 1978. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nyimbo zao za mwanzo ilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani tu, si kuuzwa. Santuri ya Polygram inaweza kuwa na nakala nyingine Kisumu au Ulaya. Kaseti yako ya redioni huenda ndiyo pekee yenye toleo hilo. Sauti ya mtangazaji usiikate: jina la kipindi na salamu zake ndizo zitakazosaidia kukadiria tarehe.

Kila faili liende na maandishi yake: bendi, wimbo, mtunzi kama ameandikwa, namba ya lebo, na namba zilizochorwa kwenye sehemu isiyo na muziki karibu na lebo ya santuri, upande A na B. Piga picha lebo na jalada. Andika pia deki na sindano uliyotumia. Faili liitwalo “Mbaraka 3” halimsaidii mtu yeyote. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine.

Haki za Wasanii:

La YouTube. Haki ziko mbili, zisichanganywe. Rekodi yenyewe, kwa Kenya na Tanzania, hulindwa miaka 50. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka alifariki 1979, kwa hiyo tungo zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2029, hata pale rekodi ya miaka ya mwanzo ya 70 imeshatoka kwenye ulinzi. Kutotolewa tena hakufuti haki ya mtu. Kuhifadhi kwako ni jambo moja, kuweka hadharani ni jingine: waone wasimamizi wa hakimiliki, kwa Tanzania COSOTA, kwa Kenya KECOBO, na familia ya mtunzi ikiwezekana.

Pia angalia kama wimbo umekwisha kutolewa upya. Mlimani Park ina CD iitwayo Sikinde (kampuni ya Africassette, Marekani, 1994), na mfululizo wa CD za Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique, Ufaransa, una juzuu la tatu la dansi ya miaka ya 60 na la tano la Dar ya 1978 hadi 1983. CD ya mtumba ya hizo hupatikana, na mara nyingi imetoka kwenye utepe bora kuliko kaseti. Tengeneza kwanza orodha ya nyimbo ulizonazo, toa zile zilizomo humo, zilizobaki ndizo za kuanza nazo.