Mrejesho: alamu imetulia, gari linawaka

Wakuu, niliwauliza kuhusu gari langu la mwaka 1997: usiku alamu inalia yenyewe, asubuhi nikiwasha, taa za dashibodi zinawaka ila starta haigeuki hata kidogo. Wengi mlisema betri. Niliipima gari likiwa limezimwa, ikasoma volti 12.6, yaani imejaa chaji, kwa hiyo nikaona tatizo si betri.

Nikalipeleka kwa fundi umeme wa magari pale Majengo, hapa Moshi. Alianza na kile kiswichi cha boneti. Kutu tupu! Kimekwama, boneti ikifungwa hakibonyei hadi chini, basi alamu inadhani boneti imefunguliwa.

Tatizo la starta lilikuwa chini ya usukani. Aliyefunga alamu zamani aliukata waya wa starta, akaupitisha kwenye rilei ya alamu (swichi ya umeme ambayo alamu huitumia kuizuia starta), maungio akayasokota kwa mkono na kuzungushia solatepu. Solatepu imeyeyuka inanata, shaba ndani imegeuka kijani. Fundi alipougusa tu ukabaki mkononi mwake.

Kuna aliyenishauri niunge moja kwa moja, niachane na alamu. Hapana, gari linalala nje, nataka ulinzi wake. Tumeweka rilei mpya, waya umechomelewa kwa risasi na kuvalishwa mpira, swichi mpya. Vifaa na ufundi jumla 45,000.

Leo wiki ya tatu, mvua inanyesha kila usiku na halijalia. Aliyesema tuanzie kwenye boneti, asante sana mkuu, umeniokolea pesa ya betri. Majirani nao nimeshawaomba radhi.