Naomba ushauri: maji ya akiba ya dharura

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naishi Kisauni, Mombasa, na mamangu mzee na watoto watatu. Mvua za El Niño za 2023 zilitukuta hatuna akiba yoyote, tukakaa siku mbili bila maji safi wala stima huku mama anaumwa. Sitaki masika yatukute vile tena.

Tochi, kibiriti, dawa za mama na unga nimeshaweka kwenye ndoo yenye kifuniko. Kinachonishinda ni maji. Nilijaza mitungi minne ya lita 20, wiki ya tatu yakaanza kunuka, na joto letu hili mwalijua. Kuchemsha yote, makaa hayatoshi.

Je, nikitia dawa ya klorini, niyabadilishe baada ya muda gani? Na watu watano, kunywa na kupika siku tatu, lita ngapi zatosha?